Jiko Huchaguliwa na Anayepika

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia, Kaptagat)



Tumeombwa tuseme machache juu ya kuchagua jiko jipya la nyumbani. Pengine mnafikiri tumeitwa kwa kuwa sisi ni wataalamu. La, hasha. Tumeitwa kwa sababu tulikosea, tukapoteza pesa za kikundi, kisha tukajifunza. Afadhali mjifunze kwa hasara yetu kuliko kwa yenu.

KOSA LETU

Kikundi chetu kina mzunguko kama vyenu. Mwaka mzima tuliweka akiba kidogo kidogo, pesa ya maziwa na ya viazi, tukakubaliana kila nyumba ipate jiko jipya la kuni. Kamati ikatuma watu watatu Eldoret. Wote walikuwa wanaume, watu waaminifu kabisa, hilo hatuna la kusema. Wakafika kwa muuzaji, wakaonyeshwa jiko la bati linalong'aa, jepesi, unalibeba kwa mkono mmoja. Muuzaji akachemsha maji ya chai mbele yao kwa vijiti vichache tu. Wakaridhika, wakalipa.

Jiko likafika nyumbani. Chai ilichemka vizuri, tusiseme uongo. Lakini jioni ikafika saa ya ugali. Mnajua wenyewe ugali wa watu wanane unavyosongwa huku kwetu: sufuria kubwa, mwiko mkubwa, na nguvu za mabega. Lile jiko likaanza kukimbia sakafuni. Katika nyumba moja lilipinduka, maji ya moto yakamwagikia mguu wa mtoto. Tunamshukuru Mungu alipona, lakini kovu liko mpaka leo.

Kabla ya mvua kwisha, majiko mengi yalikuwa chini ya ghala. Katika boma moja kuku alikuwa ametagia ndani. Kogo mmoja wa kikundi chetu hakutukemea. Alisema tu, "Mlienda kunichagulia jiko, na hamkuniuliza sufuria yangu ni kubwa namna gani."

Ndugu zetu, neno hilo ndilo mazungumzo yetu yote ya leo. Mengine ni maelezo.

MAFIGA MATATU YANA HAKI YAKE

Mgala muue na haki yake mpe. Sisi husema mafiga matatu ni mabaya, yanakula kuni na kutoa moshi. Ni kweli. Lakini jiulizeni, kwa nini mama zetu hawajayaacha? Hayanunuliwi. Yanabeba sufuria yoyote, na ugali ukisongwa hayatikisiki. Tena hapa Kaptagat tuko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Usiku ni baridi kali, na moto wa mafiga hupasha nyumba nzima. Hata kibuyu cha mursik kinahitaji kaa la mti kwa kukisafisha. Jiko jipya lisilojua kazi hizi zote, mama atalipokea kwa heshima, ataliweka pembeni, na atarudia mawe yake.

Lakini upande wa pili nao tuutazame. Anayevuta moshi ni nani? Ni yule anayepika, na mtoto aliye mgongoni mwake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa kupikia majumbani ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wasiofika miaka mitano. Kikohozi cha mtoto tunakiita baridi ya Kaptagat, kumbe mara nyingine ni moshi wa jikoni kwetu.

Na kuni nazo si za bure tena. Anayeokota kuni kavu katika msitu wa Serikali analipa ada ya mwezi. Februari 2018, Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, mliona jinsi bei ya gunia la makaa ilivyopanda. Kwa hiyo kubadili jiko ni lazima. Swali ni kubadili kwa njia gani.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA PESA KUTOKA

Mara ya pili hatukutuma mtu dukani. Tuliketi na wanaopika, tukauliza hivi:

1. Unapika nini, kwa watu wangapi, na sufuria yako kubwa ina upana gani? Ipime kwa kamba, na kamba hiyo iende dukani.

2. Ni chakula gani kinachokumalizia kuni? Kwetu jibu lilikuwa moja: maharagwe na githeri. Iko sababu. Maji hupoteza joto la kuchemka karibu digrii moja kwa kila mita 300 unazopanda. Huku kwetu yanachemka kwenye digrii 92 hivi, si 100 kama Mombasa. Yanatokota, lakini hayana moto wa kutosha kuivisha upesi.

3. Ni kuni gani zilizo karibu nawe mwaka mzima, siyo leo tu? Na nani anazibeba?

4. Likivunjika, nani atalitengeneza, na yuko wapi?

5. Nyumba itapashwa na nini usiku?

MAJIKO TULIYOYATAZAMA

Kwanza ni jiko la kuni lenye chungu cha udongo ndani, linalojengewa mekoni kwa mawe na matope. Miaka ya 1980 lilienezwa na Maendeleo ya Wanawake kwa msaada wa Wajerumani, likaitwa Maendeleo. Baadaye akina mama wafinyanzi wa magharibi mwa Kenya walilitengeneza kwa jina la Upesi. Kwa ugali hili ndilo lililotupendeza, maana limeshikana na ardhi. Ukinunua chungu chake, kigonge kwa kidole: kikilia kama kengele ni kizima, kikitoa sauti ya kufa kina ufa. Ukishajenga, usiwashe moto siku hiyo. Acha matope yakauke majuma mawili au zaidi, hasa kwa baridi hii yetu, la sivyo litapasuka.

Pili ni jiko la makaa la udongo na bati, lenye kiuno chembamba. Mafundi wa jua kali walianza kulitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa kufuata mfano wa jiko la Thailand. Linapunguza makaa kuliko lile la bati tupu. Lakini kwa mtu anayepata kuni, kuhamia makaa si kuokoa msitu, kwa sababu kuni nyingi hupotea katika kuchoma makaa hayo.

Tatu ni gesi. Hakuna moshi, na mtoto anakunywa uji mapema kabla ya shule. Shida ni bei. Mwaka 2016 Serikali iliondoa kodi ya VAT kwenye gesi, mwaka 2021 ikairudisha kwa asilimia 16, mwaka 2022 ikaishusha hadi asilimia 8, na mwaka 2023 ikaiondoa tena. Kwa hiyo usivunje jiko lako la kuni kwa kuwa gesi imeshuka mwezi huu. Mtungi wa kilo 6 unafaa chai, mayai na mboga. Ukiutumia kwa githeri utalia. Ukifunga mtungi, paka maji ya sabuni kwenye maungio. Yakitoa mapovu, gesi inavuja: funga, fungua milango, usiwashe kiberiti.

Nne ni gesi ya samadi. Kwa mwenye ng'ombe wawili au watatu wanaolishwa zizini ni baraka. Ila mjue kwamba baridi hupunguza gesi hiyo, na kuchimba shimo ni gharama kubwa. Lipangeni kama mradi, si kama ununuzi wa siku moja.

Tano ni jiko la vumbi la mbao. Sisi tunaoishi karibu na viwanda vya mbao tusilidharau. Unashindilia vumbi kavu kuzunguka chupa au mti, unauchomoa taratibu, unabaki na tundu la kupitisha moto. Linawaka muda mrefu bila kuchochewa. Lakini moshi upo, kwa hiyo liwe mahali penye hewa.

Na la sita si jiko kabisa: ni kikapu. Chukua kikapu kikubwa, kijaze matambara makavu, blanketi kuukuu au manyoya ya kondoo. Loweka maharagwe usiku kucha, yachemshe vizuri kwa dakika kumi na tano au ishirini, funika sufuria, itumbukize kikapuni ikiwa bado inatokota, uifunike sawasawa. Nenda shambani. Ukirudi, chemsha tena kidogo. Katika yote tuliyojaribu, hiki cha bei rahisi ndicho kilichotupunguzia kuni za maharagwe zaidi.

TUSIDANGANYANE

Wauzaji wengi watakuambia jiko lao linaondoa moshi wote. Usiamini haraka. Utafiti mkubwa uliofanywa Malawi, ukatolewa mwishoni mwa 2016, ulionyesha kwamba majiko bora ya kuni hayakupunguza nimonia kwa watoto kama ilivyotarajiwa. Jiko la kuni, hata likiwa zuri, bado ni moto wa kuni. Kwa hiyo pamoja na jiko tufanye haya: tupasue kuni na kuzikausha chini ya paa, maana kuni mbichi hutoa moshi mwingi na joto kidogo, tutoboe dirisha au tuweke bomba la moshi, na mtoto mchanga asikae mekoni moto ukiwaka.

Na hili tunaliomba kwa magoti. Jiko jipya halipashi chumba kama mafiga, na hapo ndipo kifo huingia: mtu anachukua jiko la makaa, analiingiza chumba cha kulala, anafunga mlango na dirisha. Hewa mbaya ya makaa haina harufu wala haionekani. Anayelala hapo anaweza asiamke. Usiseme makaa yameshakuwa mekundu, hayana moshi. Ndiyo hayohayo yanayoua. Baridi iondolewe kwa blanketi na chupa ya maji moto, na jiko la makaa lilale nje.

JARIBU KWANZA

Basi tulifanyaje mara ya pili? Tuliazima majiko matatu ya aina mbalimbali, yakakaa katika nyumba tatu juma moja moja, kwa zamu. Kila nyumba ilipewa mzigo wa kuni uliopimwa kwa mizani ileile ya viazi. Anayepika alichora alama ukutani kwa mkaa kila siku hadi mzigo ulipokwisha. Jumapili baada ya ibada tulihesabu alama. Hatukuona zile kuni nusu tulizokuwa tumeahidiwa, lakini mzigo uliokuwa ukiisha siku ya tatu ulifika siku ya tano. Halafu akina mama wakapiga kura, na kura yao ikawa ya mwisho. Wanaume tulishangilia tu na kubeba mawe.

Kikundi hakikununua aina moja kwa wote. Nyumba nyingi zilichukua jiko la kujengea pamoja na kikapu. Wachache wenye mshahara waliongeza gesi ya asubuhi. Na sehemu ya pesa tuliiacha kwenye sanduku kwa matengenezo, kwa sababu jiko bila fundi ni pambo.

Ndugu zetu, mnamkumbuka yule mjane wa Sarepta ambaye nabii Eliya alimkuta akiokota kuni mbili. Ni yeye aliyejua kilichobaki nyumbani: unga kiasi gani na mafuta kiasi gani. Nabii alimwomba maji na mkate, kisha akamsikiliza alipoeleza hali yake. Basi na sisi tumsikilize anayeokota kuni.

Mkirudi nyumbani, kila mjumbe afanye kazi tatu kabla ya mkutano ujao: apime kwa kamba sufuria kubwa ya kila nyumba katika kikundi chake, aandike mzigo mmoja wa kuni unamaliza siku ngapi, na atengeneze kikapu kimoja. Halafu ndipo tuzungumze juu ya pesa.