Samaki wa Tangi Wasimwagwe Ewaso Nyiro



Wako samaki wa Marekani Kusini waitwao Geophagus, jina la Kigiriki lenye maana ya mla udongo. Ni jamaa ya tilapia. Huchota mchanga kwa kinywa, wakabakiza chakula, na mchanga ukatokea kwenye matamvua. Anayewafuga nyumbani awatandikie mchanga laini, uoshwe hadi maji yatoke safi. Kokoto zenye ncha huwajeruhi. Maji ya mfereji yenye klorini yalale kwenye ndoo wazi siku nzima kwanza. Joto la Isiolo, kwa mara moja, linasaidia.

Taabu huanza wakikua. Wengi hupita sentimita 20, tangi likawa dogo, na mwenyewe akaanza kuutazama mto. Tafadhali, wasimwagwe Ewaso Nyiro wala chemchemi za Buffalo Springs. Humo mna tilapia wa asili, Oreochromis spilurus. Mgeni huweza kumletea magonjwa na kumnyang'anya chakula. Mbuta aliyepandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 alichangia kumaliza aina nyingi za fulu.

Aliyeshindwa na samaki wake awape mfugaji mwingine, au amwone afisa wa uvuvi wa kaunti kabla ya kubeba ndoo.