Vitabu vya Kale Visife Sandukuni



Nimeombwa niseme machache juu ya kuzuru maktaba na kutazama miswada ya kale, yaani maandiko ya mkono.

Katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imo miswada mingi ya Kiswahili na ya Kiarabu. Mingi ilikusanywa katika miaka ya 1960 na Bwana J. W. T. Allen, na orodha yake ikapigwa chapa mwaka 1970. Aitazamaye hatasema tena ya kuwa Kiswahili kilianza kuandikwa na wamisheni. Utenzi wa Tambuka wa Mwengo wa Athumani wa Pate, ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu, ni wa mwaka 1728. Naye Krapf alifika Mombasa mwaka 1844.

Mgeni wa maktaba na ashike adabu. Anawe mikono na kuikausha. Aandike kwa penseli, maana doa la wino halitoki. Asile wala asinywe mezani, wala asilambe kidole apate kufunua ukurasa. Kitabu kilazwe juu ya mto, mgongo wake usivunjike.

Sasa nasema nanyi wenye masanduku ya marehemu babu zenu. Najua wako wazee wafichao maandiko kwa kuhofu kunyang'anywa. Hofu hiyo ina sababu, kwani miswada mingi ya pwani imekwenda Ulaya. Maandiko ya mkono wa Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, yamo London hata leo. Lakini kilichokwenda London chaweza kufuatwa kikasomwa. Kilicholiwa na mchwa hakifuatwi. Wahenga walinena, "Akiba haiozi," ila akiba ya karatasi huoza.

Wala si lazima kutoa kitabu chenyewe. Chaweza kupigwa picha, ukurasa kwa ukurasa, kikarudi kwa mwenyewe. Naye adai hati ya kukiri kabla hakijatoka mlangoni. Tena, mzee ajuaye kuzisoma herufi zile amketishe kijana karibu naye, wasome pamoja. Akifa asimfundishe mtu, kitabu kitabaki kizima, nacho kitakuwa bubu nyumbani mwake.

Basi, mwenye sanduku na alifungue kabla ya masika.