Makaa ya Mawe, Maji na Jua

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nilipoingia hapa kidato cha kwanza mwaka 1994, nchi ilikuwa katika mgao wa umeme. Maji ya Mtera yalikuwa yamepungua, nasi tulijisomea kwa kibatari, watano kwa taa moja. Asubuhi pua zetu zilikuwa nyeusi kama za wapishi wa bwaloni. Mgao ukarudi mwaka 2006, ukarudi 2011, na mwishoni mwa 2023 ulikuwa ungali nasi.

Ndugu yetu aliyenitangulia ameuliza, tena kwa uchungu: nchi yenye makaa ya mawe Mchuchuma, Ngaka na Kiwira inakaaje gizani? Swali lake ni la haki. Mimi mwenyewe, nilipotoka Chuo Kikuu na kuingia serikalini, niliandika waraka mrefu wa kuyatetea makaa. Makaa hayangoji mvua, niliandika. Leo nisingeuandika vile.

Hali imebadilika. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, na lilianza kutoa umeme mwaka 2024. Gesi ya Songo Songo nayo imetubeba tangu mwaka 2004. Lakini chukueni ramani, vijana. Mtera na Kidatu ziko kwenye Ruaha Mkuu. Maji ya Kihansi huingia Kilombero. Na yote hayo huishia Rufiji, lilipo bwawa jipya. Ni bonde moja! Ukame ukilipiga bonde hilo, utatupiga kote kwa pamoja. Hapo ndipo ninapokosa usingizi.

Basi tunahitaji umeme usiotegemea maji hayo. Makaa yangeweza kuutoa, sikatai. Ila mtambo wa megawati 600 wa Mchuchuma una mkataba wa mwaka 2011, na mpaka leo haujawasha taa hata moja. Wananchi wa Ludewa walisubiri fidia kwa miaka. Mwaka 2021 China ilitangaza kwamba haitajenga tena mitambo mipya ya makaa nje ya nchi yake, na wakopeshaji wengine wengi wamekwisha jitoa. Fedha tutazipata wapi? Na tazameni Afrika Kusini. Wana makaa na mitambo kuliko sisi kwa mbali, lakini mgao uliwaanza mwaka 2007 na ukawasumbua miaka mingi, kwa sababu mitambo ilichakaa ikawa inaharibika kila mara.

Mtaniambia jua huzama. Ni kweli, lakini sisi tuna bwawa! Mchana tutumie jua la Kishapu, ambako mradi wa megawati 150 umepangwa, na upepo wa Singida, ambao tumeuzungumza miaka mingi bila kujenga. Wakati huo maji tuyafungie. Jioni watu wakirudi nyumbani, tuyafungulie. Kila saa ya jua ni maji yaliyobaki ghalani kwa ajili ya kiangazi. Majirani zetu Kenya wanatumia mvuke wa Olkaria tangu mwaka 1981, na upepo wa Turkana wa megawati 310. Sisi mvuke wa Ngozi, Mbeya, bado tunautafiti.

Sisemi makaa yazikwe. Viwanda vya saruji vinayahitaji, na wapo vijana waliosoma hapa wanaokula mshahara wa machimbo. Nasema tusiyangoje.

Mwisho, Kamati imeleta hoja mbili kuhusu maabara: jenereta ya dizeli, au paneli za jua na betri. Jenereta ni rahisi kununua, lakini dizeli ya kila mwezi atalipa nani? Mimi nimeandika jina langu kwa betri moja. Karatasi iko kwa Ndugu Mweka Hazina, pale mlangoni.