Faili la Mgonjwa Likae Wapi?



Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za mawasiliano zilizolazwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini. Intaneti ikazorota kwa siku kadhaa Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Siku hiyo naikumbuka kila ninapoletewa pendekezo la kuhamishia taarifa zote za wagonjwa kwenye jukwaa moja la wingu. Vituo vya data vya wingu vya kampuni kubwa za Marekani vilivyo karibu zaidi nasi viko Cape Town na Johannesburg. Tukipeleka faili huko, kati ya daktari na historia ya mgonjwa aliyelala mbele yake tumeweka bahari.

Wanaolitaka wingu wana sababu nzito. Ingia chumba cha seva cha hospitali ya wilaya: mara nyingi utakuta kiyoyozi kimekufa, betri ya UPS imechoka, na nakala rudufu iko kwenye diski ndani ya droo ya ofisa TEHAMA, ambaye yuko peke yake kwa hospitali nzima. Moto ukizuka, seva na nakala vinaungua pamoja. Tena kwa takwimu za jumla, kukusanya mahali pamoja kumetufaa sana. DHIS2, programu inayoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, imewezesha ripoti za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, zilizokuwa zikijumlishwa kwa mkono ngazi kwa ngazi zisomwe wilayani na wizarani kwa wakati mmoja.

Lakini idadi ya wagonjwa inaweza kusubiri mtandao hadi kesho. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hasubiri. Vipimo vyake vya kliniki vinatakiwa vionekane kwenye kompyuta ya wodini sasa hivi, mtandao uwepo usiwepo.

Ipo njia ya kati. Estonia walianza kutumia X-Road, mfumo wa kubadilishana taarifa kati ya taasisi, mwaka 2001. Kila ofisi hubaki na kanzidata yake; inayohitaji taarifa huiomba kwa mwenzake, na kila ombi hutiwa saini ya kidijiti na kuwekewa kumbukumbu. Kwa afya waliongeza hifadhi kuu mwaka 2008, ambako hospitali hupeleka muhtasari wa matibabu. Nchi yao ina watu wapatao milioni 1.3 tu, kwa hiyo hatuwezi kuwaiga kila kitu, ila utaratibu wa kumwachia anayezalisha taarifa awajibike nayo unatufaa. Hata kwetu Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeweka masharti ya kusafirisha taarifa za mtu nje ya nchi.

Kuunganisha mifumo nako si rahisi, na ugumu wake hauko kwenye mashine. Malaria ileile zahanati inaandika "mRDT chanya", hospitali inaandika "BS+", mfumo wa tatu unaweka msimbo B54. Mgonjwa ni Mwanaidi hapa, Mwanahidi kule, na kila kituo kimempa namba yake. Kuhamishia rekodi hizo winguni hakumfanyi awe mtu mmoja. Nimeona mradi ukinunua seva nzuri na kuacha kazi hii. Baada ya mwaka, wauguzi walikuwa wamerudi kwenye daftari.

Msimamo wangu ni huu: faili la matibabu libaki kituoni na liunganishwe na vituo vingine kwa njia ya maombi yenye kumbukumbu, nakala yake iliyofungwa kwa msimbo ihifadhiwe katika kituo cha data kilichomo nchini, kinachofikiwa kupitia Mkongo wa Taifa wa mawasiliano ambao ajali ile ya baharini haikuugusa, na takwimu za jumla ziendelee kukusanywa pamoja.

Nawaomba, ndugu zangu, kabla ya kusaini mkataba wowote wa seva au wa wingu, tukae na wauguzi na watunza kumbukumbu tukubaliane namba moja ya mgonjwa.