Saa Kumi na Tano Angani

Leo twataka kunena nanyi habari za umbali.

Katika ushirika wetu hapa Ntimaru yuko mama mmoja ambaye mwanawe anafanya kazi New York, Marekani. Mwezi wa saba, baada ya ibada, alitujia sisi wazee akasema, "Lifuteni jina lake katika daftari la maombi. Nampigia simu kila asubuhi nikimaliza kukamua, wala hashiki. Amenitupa." Tulimsihi aketi. Jibu hatukuwa nalo.

Kijana mmoja wa sekondari akaleta tufe la dunia na kipande cha uzi. Tukauvuta uzi kutoka Nairobi, ukapita juu ya jangwa la Sahara, ukavuka bahari ya Atlantiki hata New York. Ni kilomita kama 11,800. Mtume Paulo, alipopelekwa Roma kwa merikebu, alikwama miezi 3 katika kisiwa cha Malta. Lakini tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways ilianza safari isiyotua njiani, na mtu hufika New York kwa saa 15 hivi. Kurudi ni kama saa 14, kwa kuwa pepo za juu huvuma kutoka magharibi zikaisukuma ndege. (Sisi wa Ntimaru twajua kwamba kufika Nairobi kwenyewe huweza kumaliza siku, hasa mvua ikinyesha. Hayo tuyaache.)

Lililotushtua ni saa zenyewe. Ndege ikiondoka Nairobi saa 6 usiku, hutua yapata saa 9 alasiri ya kwetu. Lakini wenyeji wa New York, kwa majira hayo ya mwezi wa saba, ndio kwanza wako saa 2 asubuhi. Wako nyuma yetu kwa saa 7, na kati ya Novemba na Machi kwa saa 8, maana hurudisha saa zao nyuma. Basi mama akipiga simu saa 2 asubuhi, kwa mwanawe ni saa 7 usiku, naye amelala fofofo.

"Na yeye mbona hapigi?" mama akauliza.

Tukahesabu tena. Akitoka kazini saa 2 usiku, hapa ni saa 9 usiku, na simu ya mama imezimwa ili betri isiishe. Tuliona haya, maana daftari lilikuwa limekwisha kufunguliwa, na kalamu mkononi mwetu.

Jumapili iliyofuata, saa 11 jioni, kule ikiwa saa 4 asubuhi, mama alipiga simu nasi tumesimama naye nje ya kanisa. Iliita mara mbili.

"Mama!" sauti ikasema. "Mbona kila nikikupigia hupatikani?"

Mama akaketi chini majanini, akatupungia mkono tuondoke, apate kuongea na mwanawe.