Kitu kikiingia sikioni: kipi kinangoja asubuhi, kipi hakingoji

(Maongezi yetu kwenye mkutano wa wanachama, Bogoro)

 

Leo hatuzungumzi mabati wala mashamba. Tunazungumza juu ya mbegu moja ya maharagi.

Mavuno yaliyopita, siku ya Ijumaa, mama mmoja alitufikia na mtoto wa miaka mitatu. Mtoto alikuwa ameingiza mbegu sikioni. Halii, anacheza tu. Sisi tulikuwa tunamaliza kugawa majembe, tukamwambia: "Mama, rudi nyumbani, Jumatatu utaenda kwa muganga." Kule nyumbani bibi akatia maji ya vuguvugu ili itoke. Lakini maharagi yakikutana na maji yanavimba, hata sufuriani tunaona. Jumatatu mtoto alikuwa na homa, hataki mtu amguse kichwa. Muganga wa hapa hakuweza. Ikabidi Bunia, wamlaze usingizi ndipo waitoe. Mama aliuza mbuzi.

Kosa halikuwa la bibi. Lilikuwa letu, sisi tuliosoma.

Sasa tusikilizane vizuri. Mbegu, shanga, kajiwe: kama mtoto hana maumivu na hakuna damu, unaweza kungoja asubuhi. Asubuhi, si Jumatatu. Usitie maji. Usichokoe na njiti ya kiberiti, wala pini, wala kijiti chenye pamba. Unasukuma tu kitu ndani, na ngozi ya sikio iko karibu kutoboka. Inamisha kichwa cha mtoto upande ule, kikianguka chenyewe, vizuri. Na uangalie sikio la pili, na pua. Watoto hawaachi na tundu moja.

Mdudu aliye hai anatisha sana, maana anapiga kelele ndani ya kichwa. Tia matone ya mafuta safi ya kupikia, vuguvugu kidogo, yasiwe ya moto. Atakufa, kelele itaisha. Kisha uende atolewe. Lakini kama sikio lilikuwa linatoka usaha tangu zamani, au liliwahi kutoboka, usitie kitu chochote.

Pile ile ndogo ya mviringo, ya saa ao ya michezo ya watoto, hiyo haingoji hata saa moja. Inaunguza nyama kwa ndani. Hakuna maji, hakuna mafuta. Ondoka.

Vilevile usingoje ukiona damu, usaha, kizunguzungu, kutapika, maumivu makali, ao mtoto haitiki ukimwita upande huo. Na kama muganga amejaribu mara moja kitu kisitoke, mwombe karatasi ya kukupeleka mbele. Kujaribu mara tano ndiko kunakoumiza.

Tunajua mnafikiria nini: kilometa kama 25 mpaka Bunia, pikipiki ni pesa, na usiku barabara hii kila mtu anaijua. Ndiyo maana tunaomba komite leo itenge sehemu ya sanduku la msaada kwa usafiri wa mgonjwa, pesa itoke siku ileile bila kungoja mkutano, halafu familia irudishe polepole. Wafadhili waliotuuliza msaada wao mdogo unaweza kufanya nini, ni hapo.

Wenye pikipiki mlioko hapa, tafadhali mbaki kidogo tuandike majina.