Kudai Kilicho Chako Si Aibu

Mada kwa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, Tukuyu



Ndugu wapendwa, akina mama na akina baba, tunawashukuru kwa kufika licha ya mvua hii ya Rungwe ambayo haina siku ya mapumziko. Tume yetu imezoea kusikiliza mashauri ya mipaka ya mashamba na mirathi ya wajane. Siku hizi limezuka shauri jingine: mtu hupigiwa simu, hushurutishwa anunue kitu papo hapo, hutuma fedha, kisha hubaki akijuta. Swali tunaloulizwa ni hili: je, fedha hiyo yaweza kudaiwa? Jibu letu ni ndiyo. Kuidai si uchoyo wala ugomvi, bali ni kutafuta haki. Tufuate njia yetu ya siku zote: kuona, kuamua na kutenda.

1. TUONE

Tuchukue mfano. Mama mjane amepokea malipo ya majani yake ya chai. Jioni simu inaita. Mpigaji anamtaja kwa jina, anamwita mama kwa heshima, kisha anasema anayo miche ya parachichi aina ya Hass, iliyopandikizwa, kwa nusu bei. Gari litapita Kiwira kesho alfajiri. Imebaki miche mia moja tu, na asipotuma kianzio ndani ya dakika kumi, nafasi atapewa jirani yake. Mama anaomba kwanza amwulize mwanawe. Mpigaji anamsihi asikate simu. Mama anatuma shilingi 150,000. Kesho yake gari halionekani. Au linakuja na miche iliyonyauka, isiyopandikizwa kamwe.

Tulinganishe jambo hili na soko letu la Tukuyu. Sokoni mnunuzi huugeuza mkungu wa ndizi, huutazama uso wa muuzaji, naye akiona bei haimfai huondoka zake. Biashara ya namna ile ya simu humnyima mnunuzi yote matatu: haoni mali, hamwoni muuzaji, na hapewi nafasi ya kuondoka. Wahenga walituonya tusiuziwe mbuzi kwenye gunia. Hapa hata gunia lenyewe halionekani.

Tangu huduma za kutuma fedha kwa simu zilipoanza nchini mwaka 2008, zimetusaidia sana kulipa karo na kuwatunza wazazi walio mbali. Hatuzilaumu. Lakini fedha ambayo zamani ingechukua siku kadhaa kusafiri, leo huondoka kabla mtu hajamaliza kufikiri. Mwenye hila anaijua siri hiyo, ndiyo maana silaha yake kubwa ni haraka. Silaha yake ya pili ni aibu yetu. Aliyepoteza fedha huogopa kuitwa mjinga, hunyamaza, na kesho jirani yake hupigiwa simu ile ile.

2. TUAMUE

Maandiko Matakatifu hayakuacha jambo hili gizani. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, Mungu anawakataza watu wake kuwa na mawe mawili ya kupimia, zito na jepesi. Zakayo alipokutana na Bwana hakuishia kuomba msamaha. Aliahidi kurudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Nayo Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2412, inafundisha kwamba haki hudai kilichoibwa kirudishwe kwa mwenyewe. Basi kurudisha fedha si hisani ya muuzaji, bali ni deni lake.

Sheria za nchi nazo zinaelekea huko huko. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inataka ridhaa iwe huru. Ridhaa iliyopatikana kwa shuruti, kwa udanganyifu au kwa maelezo ya uongo humpa aliyedanganywa nafasi ya kuutangua mkataba. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kuwapotosha wanunuzi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inauhesabu udanganyifu unaotumia vyombo vya mawasiliano kuwa kosa la jinai.

Hata hivyo, tuwe wa haki kwa pande zote. Si kila majuto ni dhuluma. Muuzaji aliyesema kweli na kuleta mali kama walivyopatana si mwizi kwa sababu tu mnunuzi amebadili nia. Wala tusisahau kwamba wapo miongoni mwetu wanaouza viazi, ndizi na maparachichi kwa simu. Anayepokea kianzio, kisha akaleta mali hafifu kuliko aliyoisema, naye anadaiwa, hata kama anakaa kiti cha mbele kanisani.

3. TUTENDE

Kwanza, tenda upesi. Haraka iliyomsaidia mdanganyifu sasa ikusaidie wewe. Piga namba 100, ambayo ni ya huduma kwa wateja, taja namba ya muamala, na uombe fedha izuiwe. Ikiwa bado imo katika simu ya mpokeaji, lipo tumaini. Ikiwa imekwisha kutolewa, njia huwa ndefu zaidi.

Pili, tunza ushahidi. Usifute ujumbe wa muamala. Andika siku, saa, namba iliyokupigia, jina lililoonekana ulipotuma, na maneno ya mpigaji kama unavyoyakumbuka.

Tatu, ikiwa muuzaji anajulikana, mwandikie barua. Eleza ulichoahidiwa, ulichopata na kiasi unachodai, umpe siku maalumu ya kulipa, nawe ubaki na nakala. Akikaidi, Mahakama ya Mwanzo ipo kwa ajili ya madai kama hayo, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko ya walaji.

Nne, ikiwa ni tapeli asiyejulikana, nenda polisi, uandikishe taarifa na upewe namba yake. Kadhalika, Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) imeweka namba 15040 ya kupokea kwa ujumbe mfupi taarifa za namba za matapeli.

Tano, jihadhari na mtego wa pili. Aghalabu huja mtu mwingine akidai kwamba anaweza kuirudisha fedha yako ukimlipa ada kidogo, au ukimtajia namba yako ya siri. Usimlipe, wala usimtajie.

Hatuwafichi ukweli: mara nyingi fedha iliyokwenda kwa tapeli hairudi. Lakini taarifa iliyotolewa huweza kuifunga namba ile kabla haijamfikia mjane mwingine. Kwa hiyo anayedai hajidai peke yake. Anaikinga jumuiya nzima. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Tunaomba kila jumuiya ikubaliane juu ya mambo mawili. La kwanza: mtu asitume fedha kwa asiyemjua kabla ya kukata simu na kuzungumza na ndugu mmoja anayemwamini. Biashara ya kweli hungoja hadi asubuhi. La pili: aliyedhulumiwa asichekwe. Kijana anayejua kuandika vizuri amsaidie barua, na mzee mmoja amsindikize polisi au mahakamani. Wengi hushindwa si kwa kukosa haki, bali kwa kukosa mwenzi wa safari.

MASWALI YA KUJADILI

1. Je, katika jumuiya yetu yupo aliyenyamaza kwa aibu baada ya kudanganywa kwa simu? Tutamfikiaje bila kumdhalilisha?
2. Sisi tunaouza mazao, je, tunasema kweli juu ya mali yetu wakati mnunuzi haioni?
3. Ni nani watakaowasindikiza waliodhulumiwa? Tuwataje leo, kabla hatujatawanyika.